Mnyama Arukaye Bila Mabawa

Sisi tukaao Kanombe tumezoea kuziona ndege zikishuka uwanjani usiku na mchana. Wachache wetu wajua kwamba katika misitu ya Afrika yupo mnyama ashukaye kutoka mti hata mti, asiwe na injini wala mabawa.

Huyo ni kindi wa mkia wenye magamba, apatikanaye Kongo, Uganda, Kakamega nchini Kenya, na Udzungwa nchini Tanzania. Ana ngozi laini iunganishayo miguu ya mbele na ya nyuma. Akiruka, huitandaza kama mwavuli wa askari wa angani, akaelea makumi ya mita, kisha akajibandika kwenye shina. Magamba makali yaliyo chini ya mkia humzuia asiteleze. Mchana hulala katika tundu la mti mkubwa. Usiku hutoka kula magome, majani na matunda.

Australia nako yupo mwenziwe mdogo, mpenda utomvu wa mikaratusi na migunga. Mtoto wake huzaliwa baada ya siku 16 tu, mdogo kama punje ya mchele, akakaa mfukoni mwa mamaye siku 70 hivi. Wawili hawa si wa ukoo mmoja. Haja moja ya kuvuka pasipo kugusa ardhi ndiyo iliyowapa umbo moja. Tena wote wawili huhitaji tundu.

Nayaandika haya kwa kuwa nyumbani kwetu lipo shauri. Mjomba ataka kuuangusha mti mkongwe wa shambani, wenye tundu akaamo bundi, ili tupate ada ya shule ya watoto. Ada ni lazima, sibishi. Asema tutapanda mikaratusi mia mahali pake. Ni kweli, hukua upesi. Lakini mkaratusi ukatwao ungali kijana hauna tundu. Tundu huja kwa uzee wa mti, mara nyingi miaka mia na zaidi. Huko Australia watu hupigilia visanduku mitini ili wanyama wapate pa kulala. Nasi msitu wetu wa Gishwati ulikwisha kukatwa karibu wote, ndipo mabaki yake na ya Mukura yakafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2015.

Nimemwahidi mjomba kwamba ada ya muhula huu nitailipa kwa mshahara wangu, na baiskeli niliyoitamani ingoje. Bado hajanijibu. Nawe msomaji mwenye mti mkongwe, kabla hujanoa shoka, chungulia kwanza tunduni uone ni nani alalaye humo.