Simba, Njoo

Mcheza na mbwa humwingia msikitini. Ni methali ya kwetu pwani, na kwa miaka mingi niliisikia kama onyo la kawaida tu: usimzoee asiyestahili, atakuja kukuaibisha mbele za watu. Sikuwahi kumfikiria huyo mbwa mwenyewe, wala kilichompeleka msikitini. Huenda alikuwa anamfuata rafiki yake.

Nimelelewa Kisauni, katika nyumba ambayo mbwa hakuwahi kukanyaga. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito: akilamba chombo, kinaoshwa mara saba, na moja kati ya hizo saba iwe kwa maji yenye udongo. Hata nje ya dini, mbwa hana bahati katika Kiswahili. Mtu wa hovyo ni mbwa. Mzururaji ni mbwa koko. Mwanasiasa anayetumwa na wakubwa ni kijibwa. Na kwenye mageti ya Nyali kulikuwa na vibao vya bati vyenye kichwa cha mbwa kilichochorwa na maneno mawili, Mbwa Kali, ambavyo mwalimu wetu wa Kiswahili alivichukia kwa sababu ya sarufi. Mkali, alituambia, mbwa mkali. Sisi tuliopita hapo kwa miguu hatukuwa na ugomvi na sarufi.

Baba alifanya kazi nyuma ya geti mojawapo. Alikuwa mlinzi wa usiku kwa miaka 11, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kumpikia mbwa: sufuria ya ugali uliosongwa pamoja na utumbo, kila jioni, kabla hajapika chake. Mbwa aliitwa Simba. (Nusu ya mbwa wa Kenya huitwa Simba, nusu nyingine huitwa Bobi.) Mwenye nyumba aliijua tarehe ya chanjo ya Simba, ila jina la baba hakulijua. Alimwita soja. Asubuhi kabla ya kurudi nyumbani baba alinawa saba kwenye mfereji wa bustani, udongo akiuchota kwenye chungu cha maua, na bado mama aliona manyoya kwenye mikono ya koti lake. Akimwuliza, baba alisema msimu wa mvua mbwa pia husikia baridi.

Hayo yote nilisafiri nayo bila kujua. Kwa hiyo mwenzangu wa zamu, hapa Chicago tunapofanya kazi ya kuwatunza wazee, aliponiambia tukiwa tunakunja mashuka kwamba Jumamosi mbili kwa mwezi yeye huwa mbwa, nilidhani Kiingereza changu kimenipotea. Akarudia. Akanionyesha picha kwenye simu: watu wazima wamepiga magoti juu ya magodoro ya mazoezi, vichwani wamevaa vinyago vya mpira laini vyenye masikio na pua ndefu. Aliniuliza kama ningependa kuja kuona. Nikamwambia nitafikiria, jibu ambalo kwetu maana yake ni hapana. Kwao maana yake ni nitafikiria, na wiki iliyofuata akaniuliza nimefikiria nini.

Mchezo huu hauna jina kwa Kiswahili, nami nitauita mchezo wa vijibwa, nikijua neno hilo limebeba nini. Mtu mzima, kwa hiari yake, anaweka kando usemi na kusimama kwa miguu miwili, na kwa saa moja au mbili anaishi kama mbwa mdogo: anatambaa, anakimbiza mpira, anavutana kamba na wenzake, anajilaza mtu amkune kichwa. Wengine huja kama walezi, ambao kazi yao ni kurusha mipira, kuleta maji na kuangalia asiumie mtu. Chimbuko lake ni jamii ya wanaume wapendao wanaume wenye utamaduni wa mavazi ya ngozi, na Chicago ni mojawapo ya miji mikuu ya utamaduni huo. Shindano la International Mr. Leather limekuwa likifanyika hapa tangu 1979, na mwaka 1991 Chuck Renslow na Tony DeBlase walianzisha Leather Archives & Museum, makumbusho ambayo leo yako mtaa wa Rogers Park, katika jengo lililowahi kuwa sinagogi. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu ndani ya basi. Mbwa alishaingia, na nyumba ya ibada haikuanguka.

Wengi waliosikia habari za mchezo huu nje ya jamii hiyo walizisikia mwaka 2016, pale televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilipoonyesha filamu ya Secret Life of the Human Pups, na wengi wakacheka. Watafiti wawili, Liam Wignall na Mark McCormack, walifanya jambo ambalo wachekaji hawakulifanya: waliwauliza wenyewe. Waliwahoji wanaume 30 nchini Uingereza. Baadhi walisema wazi kwamba kwao kuna mapenzi ya mwili ndani yake. Wengi pia walizungumzia kupumzika, kutoka kidogo ndani ya maisha yao na kuwa na wenzao. Nalisema hili kwa sababu sitaki msomaji adhani namficha kitu. Mkutano niliokwenda mimi haukuwa wa mambo ya kitandani. Tangazo lilisema hivyo, na mlangoni tukaambiwa tena.

Mlangoni, kwa kweli, tuliambiwa mengi. Ilikuwa Februari, theluji imegandamana kando ya njia, na ukumbi wa kukodi ulikuwa na joto la kupita kiasi kama kumbi zote za mji huu. Kijana mwenye orodha alikagua kitambulisho changu kuona umri, akabandika karatasi juu ya kamera ya simu yangu, kisha akanisomea kanuni kwa sauti ya mhudumu wa ndege. Usimguse mtu kabla ya kumwuliza. Mwenye kinyago asiyetaka kusema atapiga sakafu mara mbili akitaka kuacha, na akipiga, kila kitu kinasimama. Usishike ukosi wa mtu shingoni. Ni kama pete ya ndoa. Pombe hakuna. Nimehudhuria arusi nyingi ambazo zingefaidika na kanuni hizo.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, koti nimelikumbatia. Walikuwa kama ishirini. Mwenzangu wa zamu alinipungia mkono, akavaa kinyago chake cha buluu, na hapo sikumwona tena. Nasema hivyo kwa maana halisi. Namjua mtu huyu: anatembea kwa haraka, mabega juu, anaomba radhi kabla ya kufungua mlango. Kilichokuwa kwenye godoro kilikuwa na mabega laini na subira ya kutazama mpira mmoja kwa dakika nzima. Alipoupata, aliuleta mpaka miguuni pangu na kuuachia, ukiwa umelowa, akanitazama.

Nami niliutazama ule mpira. Mate. Mkono wangu ulijua la kufanya kabla ya akili: ulirudi nyuma wenyewe. Kichwani nikajipa fatwa ya haraka, kwamba huyu ni binadamu, na mate ya binadamu si najisi, kwa hiyo mpira uko salama. Nikaurusha. Sijui ni mara ngapi dini imewahi kuombwa ushauri wa namna hiyo.

Aliyekaa kiti cha jirani alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka sitini na kitu, kinyago chake kimelala pajani kama kofia ya mtu aliyeingia ndani. Tukaanza kuzungumza kama wazee wanavyozungumza kando ya mchezo wowote: magoti yanauma, mara ya kwanza? Alipojua natoka Kenya alitaka kujua kama tuna mbwa. Nikamwambia tuna walinzi na mbwa, na kwamba wakati mwingine mshahara wa mmoja hutofautiana kidogo na chakula cha mwingine. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Shingoni alikuwa na ukosi wa ngozi wenye kufuli dogo. Tangu nilipoketi nilikuwa nauona, na kulikuwa na swali lililonikaa kooni, kwa sababu kati ya watu wote wa ukumbi ule sisi wawili tu tulikuwa weusi. Mei 1963, mjini Birmingham, Alabama, polisi waliwatumia mbwa dhidi ya waandamanaji weusi, wengi wao wakiwa watoto wa shule. Picha zake zimo kwenye kila kitabu cha historia. Na kabla ya mbwa kulikuwa na minyororo shingoni, huku kwao na kwetu pia. Pwani haina haki ya kujifanya haijui biashara hiyo. Nikamwuliza, kwa adabu niliyoweza, kama ukosi haumsumbui.

"Mama yangu alivuka barabara kila alipomwona mbwa, mpaka anakufa," alisema. "Unadhani sikuwaza? Niliwaza miaka miwili kabla sijaununua huu. Halafu nikaununua mwenyewe, kwa pesa yangu."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zake. Ufunguo wa kufuli ulikuwa katikati ya ule wa gari na ule wa nyumba.

Sikukubaliana naye papo hapo, na sina hakika kama nimekubaliana naye mpaka sasa. Wenzake wazungu waliokuwa wakigaragara mbele yetu hawakuhitaji miaka miwili ya kuwaza. Kwao mbwa ni mnyama anayelala kitandani na kuandikwa kwenye kadi za Krismasi. Kuitwa mbwa ni mchezo mwepesi kwa mtu ambaye hakuwahi kuitwa mbwa kwa dhati. Nilimwambia hivyo. Alitikisa kichwa kukubali, akasema ndiyo, na kwamba pamoja na hayo magoti yake yakimruhusu atarudi wiki mbili zijazo. Kisha akavaa kinyago na kuteremka sakafuni polepole, mkono mmoja juu ya kiti changu.

Mlezi mmoja, mwanamke mwenye kifuko cha mipira kiunoni kama kondakta wa matatu na noti zake, alikuja kuniuliza kama ningependa kujaribu. Kinyago si lazima, alisema, vikinga magoti ndivyo vya lazima. Aliniuliza pia jina. Kila kijibwa huwa na jina lake la huko, na hakuna anayetumia la kwenye kitambulisho. Nikasema Simba kabla sijafikiria. Wote waliokuwa karibu wakafurahi, wakidhani nimelitoa kwenye filamu ya Disney. Sikuwasahihisha. Ningeanzia wapi, kwenye ile sufuria ya utumbo?

Nilishuka kwa dakika 10, labda 15. Ukiwa chini, ukumbi hubadilika: nyuso hupotea, unabaki na soksi, miguu ya viti, vumbi chini ya mashine ya joto, na pumzi za watu. Sikubweka. Koo lilikataa, na hakuna aliyelilazimisha. Mmoja alinigonga bega kwa bega, akasubiri, nami nikamgonga. Mwingine alileta kamba, tukavutana mpaka nikashindwa, nikaja kushtuka nacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nifike nchi hii.

Nilipokuwa nimelala ubavu kupumua ndipo nilipogundua ni kitu gani kilikuwa kimekosekana. Kwa miaka mitano nimekuwa nikisema Kiingereza siku nzima na watu wakiniambia nirudie. Wagonjwa wananiambia nirudie, benki wananiambia nirudie, mtu wa kahawa anaandika jina langu vibaya halafu ananiomba nirudie. Pale sakafuni hakuna aliyeniambia nirudie chochote. Sikuwa na lafudhi. Ilikuwa starehe kubwa kiasi cha kunitia hofu kidogo, na nikapiga sakafu mara mbili. Papo hapo kamba ikaachiwa, mwanamke wa mipira akachuchumaa mita moja kutoka kwangu, akauliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Nilitaka tu kuona kama kweli watasimama.

Alisubiri kidogo, kisha akarudi nyuma hatua chache, akapiga paja lake na kuita kwa Kiingereza chake cha Illinois: Simba, njoo. Baba alikuwa akiita hivyo hivyo, nami nikisikilizia nje ya geti nilikomletea kitambi cha maandazi aliyoyasahau. Sauti ya chini, ya mtu asiyetaka mwenye nyumba asikie kwamba wanapendana. Niliinuka kwa miguu miwili, nikashukuru, nikaenda kutafuta maji ya kunywa.

Mama hunipigia akishamaliza swala ya alfajiri, ambayo kwangu wakati wa baridi ni saa mbili na nusu usiku. Siku zote nampa habari za kazini. Za Jumamosi ile sikumweleza, na si kwa sababu ya mbwa peke yao. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya kinajua kuwapa wanaume fulani miaka 14, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, na majirani wa Kisauni hawahitaji mahakama. Kuna maswali ambayo mama haulizi, nami namheshimu kwa kutouliza. Lakini nilimwuliza kuhusu yule mbwa wa Nyali, aliishia wapi.

"Simba?" alisema. Sikujua kwamba analikumbuka jina. "Si alikufa, mwanangu, kabla ya baba yako kuacha kazi. Alipewa sumu na wezi. Baba yako alirudi asubuhi macho mekundu, akaniambia ni mafua. Siku tatu mafua. Nikampikia uji wa tangawizi, nikanyamaza." Nikamsikia akivuta kiti. "Kwa nini unamwuliza leo?"

"Leo nimecheza na mbwa," nikamwambia.

Alikaa kimya kidogo. Nyuma yake jogoo wa jirani alikuwa anawika.

"Umenawa?"

"Nimenawa, Mama."

"Mara ngapi?"