Swali la Kijana Wetu Kuhusu Mlozi



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, mwezi huu tuliazimia kuandika juu ya adabu za kutafuta elimu, lakini swali la mwanafunzi mmoja limetubadilishia mada.

Ilikuwa baada ya Alasiri, hapa madrasa Dzaleka. Kijana wa miaka kumi na mitatu, mzaliwa wa hapahapa kambini, alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akasema, "Mwalimu, leo shuleni tumesoma historia. Wenzangu wananiambia kwamba Waislamu wanaosema Kiswahili ndio waliouza watu wa nchi hii. Ni kweli?"

Tulitaka kumjibu haraka kwamba hayo ni maneno ya wasioipenda dini yetu. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Tukajizuia, kwa kuwa tulikumbuka tuliyoyaona Karonga.

Mwaka 2009 tuliingia Malawi kwa mpaka wa Songwe, sisi na mama watoto pamoja na watoto wawili, tukitokea Kongo kupitia Tanzania. Tulikaa Karonga siku kadhaa tukingoja kuletwa Dzaleka. Siku moja tuliingia katika makumbusho ya mji ule, ambayo yalifunguliwa mwaka 2004. Si makubwa, lakini yanasimulia habari za nchi tangu wanyama wa kale hadi siasa za vyama vingi. Watoto walikwenda mbio kutazama mfano wa mifupa ya Malawisaurus, mnyama mkubwa aliyechimbuliwa katika wilaya ileile. Sisi tukabaki kwenye habari za biashara ya watumwa na za mtu aitwaye Mlozi.

Kwa wasiomjua, Mlozi alikuwa mfanyabiashara Mswahili aliyejenga boma lake karibu na Karonga katika miaka ya 1880. Alinunua pembe za ndovu na watu. Mwaka 1887 watu wake waliwaua Wangonde wengi penye ziwa dogo la Kambwe, na vita vikaanza kati yake na kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikifanya biashara ya pembe hapohapo. Mkataba wa amani ulifanywa mwaka 1889, lakini uwindaji wa watu haukukoma. Desemba 1895 majeshi ya Harry Johnston yalilivunja boma, Mlozi akakamatwa na kunyongwa.

Mzee aliyekuwa akituongoza alitueleza habari za kongwa, ule mti wenye panda waliofungwa watumwa shingoni. Aliweka mikono yake miwili kwenye shingo yake mwenyewe ili tuelewe. Kisha, baada ya kusikia tukisema Kiswahili na watoto, akatuuliza kwa upole, "Ninyi mnatoka upande wa watu wale?"

Tulimjibu, "Hapana, mzee. Sisi ni Wakongo." Jibu lilikuwa la kweli, lakini tulilitoa kwa haraka ya mtu anayekimbia kitu. Sisi asili yetu ni Maniema. Uislamu wa kwetu na Kiswahili chetu, kile wanachokiita Kingwana, vilifika Kasongo na misafara ya Tippu Tip katika miaka ya 1870. Babu yetu alitufundisha alifu na bee kwa ubao na wino. Hakutuambia hata siku moja ni kitu gani kingine kilichopita katika njia ileile.

Basi tulimwomba yule kijana atupe wiki moja. Katika wiki hiyo tulipata ruhusa ya kwenda Lilongwe, kiasi cha kilomita arobaini na tano kutoka hapa, kununua madaftari. Tuliswali Adhuhuri msikitini upande wa mji wa zamani, na baada ya swala tukamweleza mzee mmoja Mmalawi swali la mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Sheikh, bibi yake bibi yangu aliletwa Nkhotakota akiwa mtumwa, avushwe ziwa kwa jahazi. Waliomnunua walikuwa Waislamu. Hakuvushwa, alibaki palepale, akasilimu, akasoma. Mimi nimeswali hapa leo kwa sababu yake. Sasa niambie, nimfiche yeye ili niwasitiri waliomnunua?"

Hatukuwa na la kusema. Tulirudi na madaftari yetu na jibu.

Darasa lililofuata tuliwakalisha watoto wote, tukawaambia kwamba ndiyo, ni kweli. Walikuwa Waislamu, walisema Kiswahili, na waliuza watu. Tukawaambia pia kwamba wapo machifu waliowauza watu wao, na kwamba pembe zile zilikuwa na wateja wengi Ulaya. Lakini hayo hayampunguzii Mlozi dhambi yake. Mtume (SAW) ametufahamisha kwamba anayemuuza mtu huru na kula thamani yake, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Na Surat al-Balad imetaja kumkomboa mtumwa katika mambo ya mwanzo kabisa ya njia ile nzito ya kupanda. Kwa hiyo dini ndiyo inayomhukumu Mlozi, na wala haituamrishi kumtetea.

Tukawaeleza vilevile kwamba katika nchi hii watu wengi walisilimu baada ya biashara ile kufa, kwa kazi ya walimu kama Sheikh Abdallah Mkwanda na Sheikh Thabit Ngaunje. Hao nao watoto wetu wawajue.

Kwa kuwa hatuwezi kuwapeleka watoto wote Karonga, tuliwaomba kila mmoja alete kitu kimoja cha nyumbani kwao pamoja na habari yake. Yakaja mambo! Ufunguo wa nyumba ya Uvira ambayo haipo tena. Birika la kahawa. Ubao wa kusomea wa babu wa mtu. Yule kijana wetu alisema yeye hana kitu cha kale kwa kuwa amezaliwa hapa. Kesho yake akaja na tofali alilofyatua baba yake walipojenga nyumba yao kambini. Tuliliweka mezani pamoja na vingine, tukawakumbusha kwamba Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, na kwamba wenyeji waliotupokea ni wajukuu wa watu waliofungwa makongwa na watu wenye lugha kama yetu. Wamalawi wanayajua hayo, na bado wanatuuzia mahindi, wanatuazima majembe na kutuzikia maiti wetu.

Ndugu wazazi, watoto wenu watauliza. Wakiuliza, msiwakaripie na msiwadanganye, maana wakija kuujua ukweli kwa watu wengine hawatatuamini tena hata katika mambo ya swala. Na wanaoweza kufika Karonga, wawapeleke. Baada ya mifupa ya Malawisaurus, simameni nao pia kwenye habari za Mlozi.

Wabillahi tawfiq.