MADOKTA WA KESHO NA VIDONGE VYA MKATO

Hapa Mbagala ninapopanga, kila anayesomea mambo ya afya anaitwa dokta. Awe mwaka wa kwanza, awe wa maabara au ufamasia, ni dokta tu. Nyumba yetu inao wanne, na nimewasoma vya kutosha. Watanisamehe.

Ukitaka kuwaona waking'ara, waulize habari ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Watakuambia antibayotiki huua bakteria, virusi haviguswi, kwa hiyo mafua hayahusiki kabisa. Watakuambia bakteria wenye ubavu wakinusurika ndio wanaozaana, tena hugawiana mbinu za kuishinda dawa kama washikaji wanavyopeana majibu ya mtihani. Watakutajia mpaka Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, na mwaka 1945 kwenye hotuba yake ya Nobel akaonya kuwa dozi pungufu huwafundisha vijidudu ukaidi.

Basi bwana, ngoja wapate mafua wenyewe! Mmoja ana kopo chini ya kitanda, limejaa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki. Anameza viwili, anamgawia mwenzake viwili, eti yasikomae. Nikamuuliza, na yale ya Fleming je? Akacheka: "Kaka, yale ni ya mtihani."

Mimi sikucheka. Utafiti uliofanywa Muhimbili mwaka 2001 na 2002, ukachapishwa 2007, uliwafuatilia watoto waliolazwa. Kati ya waliokuwa na bakteria wa kundi la gram-hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Wenye malaria walikuwa asilimia 20.2. Na pale bakteria walipokuwa sugu kwa dawa waliyopewa, hatari ya kifo ilizidi. Hao ni watoto wa humu humu jijini, msomaji wangu.

Hata hivyo tusiwaonee vijana. Mtihani huuliza dawa ipi inaua kijidudu kipi. Hauulizi utafanyaje jirani akikugongea saa tatu usiku na shilingi elfu mbili mkononi, wakati foleni ya hospitali ni ya kutwa nzima na muuza dawa wa pale kona anakata nusu dozi bila cheti.

Juzi mama mwenye nyumba alimgongea dada anayesomea uuguzi, akitaka vidonge vya kikohozi. Binti akamjibu kwa adabu: "Mama, hicho ni cha mafua. Kunywa vya moto, pumzika. Ukibanwa kifua au homa ikikataa kushuka, nitakusindikiza hospitali mwenyewe." Mama akaondoka akinung'unika kwamba binti ni mchoyo, na wiki nzima salamu zikawa za kubabaisha.

Kujua somo ni rahisi kuliko kununiwa na mwenye nyumba. Lakini kwa mtazamo wangu, uchoyo wa namna hiyo ndio udokta wenyewe. Wale watatu waliobaki waanze na lile kopo.