Kivuli Usiku Pasipo Mwezi

Nawauliza, na ninyi vijana zaidi: mmekwisha kuona kivuli chenu usiku, mwezi haupo, taa haipo? Mbele ya Septemba 2023 mimi ningejibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Na ndivyo nilivyojibu jamaa moja ya kanisa letu. Jibu langu liliharibu.

Kijana mmoja wa kwaya alikuwa anaondoka nyumbani saa kumi ya usiku kwenda kuchimba. Siku ile toshi yake ilikuwa imekufa. Akarudi mbio bila kufika karieri, na mama yake akamleta kwangu. "Pastere, kivuli yangu ilikuwa inanitangulia mu njia, na mwezi haiko! Nikisimama, nayo inasimama." Nikamuuliza kama alikunywa. Hapana. Basi nikawaambia wafunge siku tatu, tutaombea nyumba. Sikutaja mtu. Lakini mnajua vile tuko: mchungaji akiamuru kufunga kwa sababu ya kivuli, watu wanaanza kutafuta mulozi. Jioni walikuwa wamekwisha kumpata: kambo, mama mzee anayelala chumba cha nyuma. Wakaacha kula naye bukari katika sahani moja.

Usiku wa tatu niliamka kuomba. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, mwezi ulikuwa umezama tangu jioni. Nikakaa nje katika giza karibu nusu saa. Ukuta wa kanisa letu umepakwa chokaa, unatazama mashariki. Na juu ya chokaa ile nikaona mpapai, majani yake yote na vidole vyake. Nikainua mkono, mkono ukatokea ukutani. Nakiri, niliogopa. Wanafunzi walipomwona Bwana akitembea juu ya maji walizani ni mzuka, mimi sikuwashinda.

Kisha nikageuka. Nyota ya asubuhi ilikuwa pale, kubwa, juu ya miti. Nikaingia nyuma ya pembe ya nyumba, mahali nyota haionekani: kivuli changu hakuna. Nikatoka: kimerudi.

Nyota hiyo ndiyo Zuhura, ile watoto wanaisoma shuleni kama Venus. Haina moto wake. Mawingu mazito yanaifunika yote, nayo yanarudisha karibu robo tatu ya mwangaza wa jua unaoyafikia. Hata hivyo mwezi mpevu unaipita kwa kuangaza zaidi ya mara 1,000, kwa hiyo kivuli chake ni chembamba sana. Kinataka macho yaliyozoea giza, na mahali peupe: ukuta, mchanga, shuka. Taa ya telefone tu inakiua. Sisi wa kampi, chini ya mataa ya migodi, tutakiona wapi? Tena kivuli hicho kina ukingo mkali kuliko cha mwezi, maana mwezi ni mpana mbinguni na Zuhura ni kama ncha ya sindano. Nyakati zake za kung'aa sana zinarudi kila miezi 19 hivi, majuma machache jioni, kisha majuma machache alfajiri. (Katika mwaka wa 1006 nyota moja ililipuka, na mganga Ali ibn Ridwan wa Misri aliandika kwamba mwangaza wake ulipita kidogo robo ya ule wa mwezi. Nyota za namna hiyo si za kungojea.)

Kesho yake saa kumi niliita nyumba nzima mbele ya ukuta ule, kambo pia. Kijana alicheza na mikono yake kama mtoto. Mama yake alinyamaza. Kambo akasema, "Ile nyota ndiyo ilikuwa inatuamusha kwenda mu mashamba. Tulikuwa tunaona kivuli yetu mu njia. Hakuna mutu aliniuliza."

Niliomba musamaha mbele ya wote. Alinipa mkono, akasema yamekwisha. Lakini bukari yake aliendelea kuila peke yake karibu mwezi mzima.