Kamba ya Nyuma

Kapolowe ni mahali karibu na mji wa Likasi, katika Katanga ya Juu. Watu wake hupata riziki mashambani na majini. Karibu nao liko ziwa Tshangalele. Zamani ziwa hilo halikuwapo. Maji ya mto Lufira yalizuiwa kwa ukuta huko Mwadingusha ili kupata umeme, na mashine zikaanza kazi mwaka 1930. Maji yakajaa bondeni, samaki wakaongezeka, wavuvi wakaja. Samaki hao hupelekwa kuuzwa Likasi, mji ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Watu wengine hupeleka makala, wengine mahindi na unga. Vitu hivyo vyote ni lazima vipakiwe, na kupakia ni kazi itakayo akili.

Dereva mmoja wa Kapolowe alikuwa na kamioneti, yaani motokari ndogo iliyo wazi nyuma. Mtoto wake, mwenye miaka kumi na miwili, alimsaidia siku zisizo za shule. Jumamosi moja asubuhi walipakia mizigo ya wachuuzi: magunia manne ya unga, magunia sita ya makala, na vikapu vya samaki wakavu.

“Baba, tuanze na makala,” mtoto akasema. “Yako karibu.”

“La, mwanangu. Kilicho karibu si cha kwanza. Kilicho kizito ndicho cha kwanza. Lete unga.”

Wakaweka magunia ya unga chini kabisa, yakiegemea ukuta wa mbele, mawili kuume na mawili kushoto. Mtoto akauliza sababu. Baba akamjibu kwa swali:

“Ukibeba ndoo moja ya maji mkononi, mwili wako hufanyaje?”

“Huinama upande mmoja.”

“Na ukibeba ndoo kichwani, kisha ukageuka upesi?”

“Huyumba, baba. Pengine huanguka.”

“Motokari nayo ni vivyo hivyo. Mzigo wa upande mmoja huiinamisha. Mzigo mzito ulio juu huiyumbisha penye kona. Sasa niambie: ukikimbia na ndoo, kisha ukasimama ghafula, maji huenda wapi?”

“Humwagika mbele.”

“Vema. Breki hushika magurudumu, hazishiki gunia. Motokari ikisimama, gunia lataka kuendelea na safari. Ndiyo maana twaliegemeza mbele, na ndiyo maana twalifunga.”

Kisha wakapanga makala juu ya unga, na vikapu vya samaki juu ya makala, kwa kuwa ni vyepesi na havitaki kugandamizwa. Baba akatazama kama taa za nyuma hazikufunikwa, na kama kioo cha pembeni chaonyesha barabara. Akapiga magurudumu kwa mguu, akaongeza upepo katika moja.

Mama mwenye samaki akafika mbio. “Baba, twende! Soko linajaa. Mimi nitakaa huko juu ya magunia, nilinde vikapu vyangu.”

“Samahani, mama,” dereva akajibu. “Kamba hufunga magunia, haimfungi mtu. Wewe utakaa mbele pamoja nasi.”

Mama akanung'unika, lakini akaingia. Baba akafunga kamba ya mbele na ya katikati, akizipitisha kama msalaba na kuzifunga katika vyuma vya motokari. Ya nyuma akamwachia mtoto. Mtoto akaifunga fundo. Mama akaita tena, “Jamani, mwachelewa!” Mtoto akaruka chini.

“Umeivuta mara mbili?” baba akauliza.

“Ndiyo, baba.”

Haikuwa kweli. Hakuivuta hata mara moja.

Motokari ikashika njia. Mtoto alikaa katikati, akitazama barabara. Alikuwa na desturi ya kuimba safarini, lakini siku ile alinyamaza. Aliona wanaume wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makala. Aliona akina mama wenye watoto mgongoni, na wanafunzi wakitembea ukingoni. Mwalimu alikuwa amewafundisha hesabu hii: motokari iendayo kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 katika sekunde moja. Mtoto akafikiri, “Gunia likianguka kwa mwendo huu, nani atalikwepa?” Lile neno dogo “ndiyo” likawa zito moyoni mwake.

“Baba,” akasema, “tafadhali simama. Ile kamba sikuivuta. Nimekudanganya.”

“Tusimame tena?” mama akalia. “Samaki wangu!”

Baba hakujibu. Akapunguza mwendo polepole, akatoka barabarani penye tambarare, akasimama. Wakashuka, wakaenda nyuma. Makala yalikuwa yametikiswa na njia na kushikana. Magunia yamepungua unene, na kamba imelegea kabisa. Gunia moja lilikuwa nusu nje, likining'inia juu ya barabara.

Wakati huohuo akapita mtu mwenye baiskeli, na mtoto mdogo amekaa nyuma yake. Akawasalimu, nao wakaitika. Akaenda zake, asijue neno.

Mtoto akaanza kulia. Alidhani atapigwa. Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Gunia lingeanguka, watu wangenilaumu mimi, dereva. Lakini mtu yule asingepona kwa lawama yangu. Umekosa uliponidanganya. Umefanya vema uliponiambia. Nami nimekosa, maana nilisikia kwa masikio, sikuangalia kwa macho. Haya, shika kamba.”

Mtoto akarudisha gunia, akafunga kamba katika chuma, akaivuta mara mbili. Kisha baba akaivuta. Mwisho mama mwenyewe akashuka, akaivuta naye. “Sasa imeshika,” akasema kwa upole.

Wakafika Likasi wamechelewa kidogo, lakini samaki walikuwa wazima, na soko lilikuwa bado na watu. Tangu siku ile baba na mtoto huvuta kila kamba wote wawili, na baada ya mwendo mfupi husimama kuitazama tena, kwa maana kila mzigo hutulia njiani, na kamba iliyokaza nyumbani yaweza kulegea barabarani.

Wazee husema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini gunia liangukalo kutoka motokarini si usufi kwa mtu apitaye njiani.