Sisi au Fisi?

Ndugu msomaji, huenda nawe umezoea kuamini kwamba redio ya masafa ya kati, yaani AM, imeumbwa kukoroma, na kwamba atakaye sauti safi hana budi kuhamia FM. Imani hiyo si kweli tupu, na yafaa tuipime kabla ya kutoa fedha zetu dukani.

Sikio la kijana husikia sauti nyembamba hadi kiasi cha kilohezi 20. FM hupeleka hadi 15. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1989 iliziruhusu stesheni za AM kupeleka hadi kilohezi 10, kiasi kinachotosha kwa usemi na hata kwa muziki mwingi. Basi uhafifu watoka wapi? Aghalabu umo mezani petu. Ili kuzuia stesheni jirani na makelele ya radi na mota, watengenezaji wengi wa redio hubana njia ya sauti, wakakata karibu yote yaliyo juu ya kilohezi 3 au 4. Kinachopotea kwanza ni ncha za maneno.

Mama yangu mzazi, ambaye masikio yake yamechoka, husogeza kiti karibu na redio yake ndogo, kisha huniuliza, "Mwanangu, amesema sisi au fisi?" Watoto hucheka, yeye hacheki. Macho yake hayasomi tena, na redio ndiyo gazeti lake. Habari anayoisikia nusu ni habari aliyonyimwa.

Ndiyo maana kisa cha sterio ya AM chanigusa. Mafundi walipata njia ya kupeleka sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, katika wimbi moja la AM. Katika mtindo wa Motorola, redio ya zamani iliendelea kupokea jumla ya sauti hizo bila taabu, na redio mpya ikazitenganisha. Kazi ya mafundi ilikuwa njema. Kilichokosekana ni uamuzi. Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliuteua mtindo wa Magnavox mwaka 1980, ikapingwa, ikarudi nyuma, na mwaka 1982 ikasema soko na liamue. Mitindo ya Magnavox, Harris, Kahn na Motorola ikagombana. Stesheni ilitangaza kwa mtindo mmoja, redio ya mnunuzi ikajua mwingine. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa fahali walikuwa wanne! Australia ilianza kutangaza kwa mtindo wa Motorola mwaka 1985 na Japani mwaka 1992. Marekani ilipouteua mwaka 1993, wapenzi wengi wa muziki walikwisha kuhamia FM.

Hata hivyo, msomaji, sterio peke yake haiponyi kitu. Redio iliyobanwa itatoa sauti butu kushoto na sauti butu kulia. Upana wa sauti ndio wa kwanza. Redio bora za AM huwa na swichi: pana kwa stesheni ya karibu, finyu kwa ya mbali usiku.

Basi uendapo dukani, usivutwe na ngoma inayotikisa kabati. Mwombe muuzaji afungue AM, umsikilize msomaji wa habari. Kama maneno yake hayaeleweki, irudishe redio rafuni, useme sababu kwa sauti. Mtengenezaji atazidi kubana maadamu sisi wanunuzi tumenyamaza.