Gunia Tupu

Kwetu Muleba gunia tupu halidharauliwi. Mkulima akileta kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, karani hupima vyote pamoja, kisha huondoa uzito wa gunia. Hapo ndipo wazee hukodoa macho. Gramu 100 ni jasho la mtu. Kwa magunia 50 ni kilo 5 nzima.

Nilipewa kazi ya kuijaribu programu ya mizani iliyoandikwa na wengine. Gunia tupu: kilo 0.7. Programu inazidisha kwa 10, inakata kilicho baada ya nukta, inapata sehemu za kumi. Mtoto wa shule ya msingi atakwambia ni 7. Simu yangu, yenye prosesa ya ARM, ilisema 7. Kompyuta ya mezani pale Bukoba, Intel ya biti 32 inayoendeshwa kwa Linux, ikasema 6. Programu ileile, bwana!

Wenzangu wakasema kompyuta kuukuu hiyo, itupwe. Nikakataa. Mashine huhesabu kwa mbilimbili, na kwake 0.7 haina mwisho, kama kwetu 10 kugawanya kwa 3. Huikatiza njiani, ikabaki pungufu kidogo mno. Ukizidisha unapata 6.9999 na mkia mrefu. Simu, kwa biti zake 64, haina nafasi ya kuandika upungufu huo, basi hulisogeza jibu hadi 7. Ile kuukuu hukokotoa kwenye rejista za biti 80. Upungufu inauona na inautunza. Kata nukta, imebaki 6. Yaani iliyokosea ndiyo iliyokuwa makini zaidi, na iliyopatia ilibahatisha tu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mmoja akaniambia, "Kwani si wakulima ndio wanaofaidi? Achana nayo." Kweli, gunia likiondolewa kilo 0.6 badala ya 0.7, mkulima anaongezewa. Lakini mwisho wa msimu ghala likipungua anayeulizwa si prosesa. Ni karani, binti wa watu, na hana la kujibu.

Tukaandika upya: uzito wote kwa gramu kamili, gunia 700, nukta hakuna popote. Asubuhi nikaijaribu Bukoba, mchana nikapanda Hiace kwenda Muleba na simu yangu. Majibu yakawa mamoja. Karani akafungua daftari lake la karatasi, akalinganisha mstari kwa mstari mpaka jioni. Daftari lile bado analo, na kila gunia bado analiandika.